Mhariri, 6.9 ya baba mkubwa si ndogo kuliko 200 yenu

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti lenu nalikuta stafu rumu kila asubuhi likiwa limeshapita mikononi mwa walimu watano na kurasa za michezo zimeshanyofolewa, kwa hiyo mara nyingi kinachonibakia ni ukurasa wa afya na ndo huo nausoma. Wiki iliyopita mlitoa makala ya kolestro, kubwa, na picha ya mayai mawili ya kukaanga yamepigwa msalaba mwekundu. Nikasoma, nikaguna, nikaweka pembeni. Ningeishia hapo hapo kama si baba mkubwa.

Baba mkubwa anakaa Mbagala, ana miaka 68, presha anayo kidogo, na mwaka jana daktari alimwanzishia atorvastatini, kidonge cha kushusha kolestro, baada ya kupimwa mafuta kwenye damu. Jumapili nikaenda kumsalimia, shikamoo baba, marahaba mwanangu, kaa hapa kwanza nikuoneshe kitu. Akatoa gazeti lenu limekunjwa mara nne, na karatasi yake ya maabara. Makala yenu inasema kolestro isizidi 200. Karatasi yake inasema 6.9. Yani mzee anacheka mpaka kofia inataka kudondoka, ananiambia ona, wenzangu huko wanahangaika na mia mbili, mi hata saba sijafika, sasa hivi vidonge nilikuwa nameza vya nini? Na kashaviacha tangu Jumatano.

Mhariri, hiyo 200 yenu ni miligramu kwa desilita, ndo wanavyoandika Marekani. Hiyo 6.9 ya baba ni milimoli kwa lita, ndo inavyoandikwa kwenye karatasi nyingi za maabara hapa mjini. Kwa kolestro ukitaka kutoka huku kwenda kule unazidisha kwa 38.67, kalkuleta ya simu inatosha, 6.9 inakuwa kama 267. Ukiigeuza 200 yenu inakuwa 5.2 hivi. Kwa hiyo mzee yuko juu ya mstari wenu wenyewe, na amekaa pale kibarazani anafurahia kama mtu aliyefaulu mtihani. Kisa hamkuandika kipimo. Namba bila kipimo kwenye ukurasa wa afya ni kama bei bila kusema ni kilo au gunia.

Hilo ndo limenifanya nishike simu nianze kuchapa, ila nikairudia makala yote kwa makini nikaona tatizo ni kubwa zaidi ya namba. Mwandishi wenu anaiongelea kolestro kama taka. Imeingia na mayai, imeganda kwenye mishipa, inatakiwa ioshwe. Na mama mkubwa kwa maelezo hayo hayo keshanunua unga wa kuosha mishipa pale stendi, 15,000, kopo halina hata jina la aliyetengeneza. Mi nafundisha baiolojia na naomba mnipe nafasi nieleze, nitajitahidi isiwe kama darasani.

Kolestro haiko kwenye damu tu. Kila seli ya mnyama inayo, kuku, mbuzi, wewe Mhariri, imechomekwa kwenye utando wa seli na bila hiyo utando unakuwa lege lege unavujisha. Homoni za uzazi zinatengenezwa kutoka kwayo, vitamini D nayo inaanzia jirani kabisa na hapo, nyongo pia. Na tunaitengeneza wenyewe, sehemu kubwa ya kolestro uliyonayo hukuila. Seli inaanza na kitu kidogo cha kaboni mbili, jamaa wa siki ile ya kwenye kachumbari, inaunganisha na kuunganisha hatua kama 30 mpaka inapata molekuli ya kaboni 27 yenye pete nne. Konrad Bloch na Feodor Lynen walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1964 kwa kuichambua hiyo njia.

Tatizo ni kwamba zile pete nne ukishazijenga huwezi kuzivunja. Wanga seli inachoma, mafuta ya kawaida inachoma, pete za kolestro haziungui. Mlango wa kutokea ni mmoja tu wa maana, ini linaichukua linaigeuza kuwa nyongo au linaimwaga vile vile utumbonini. Asa fikiria, kitu usichoweza kuishi bila hicho, unakitengeneza kwa gharama kubwa, na kikizidi kinakuua maana kinaganda kuwa fuwele ndani ya seli. Kitu cha namna hiyo lazima kihesabiwe. Na kinahesabiwa, kila seli, muda wote, na mtu aliyenifanya nipende somo hili alinifundisha kwa kutumia tangi la maji.

Sisi Tabata kila nyumba ina tangi juu ya mnara, na ndani ya tangi kuna boya. Maji yakipanda boya linapanda linafunga, yakishuka linafungua. Seli nayo ina boya lake. Ajabu ni pale lilipowekwa. Kolestro nyingi ya seli ipo kwenye utando wa nje, ndo tangi kubwa. Boya haliko huko, liko ndani, kwenye endoplazmiki retikulamu, ule mtandao wa vifuko ambao wanafunzi wangu wanauchora kama chapati zimepangwa kwenye sahani, na huko kolestro iliyopo ni kama asilimia 1 tu ya yote ya kwenye seli. Kwa nini uweke boya kwenye kindoo wakati tangi lipo? Kwa sababu ukimwaga jagi moja kwenye tangi la lita 1,000 huoni kitu, ila mwaga jagi hilo hilo kwenye kindoo uone maji yanavyopanda. Tangi la nje likijaa linamwagikia ndani, na kile kidogo kinachomwagikia ndicho kinachopimwa. Mwaka 2008 watafiti wa Dallas, Texas, waliutenga utando huo peke yake wakapima, wakakuta kolestro ikipita kama asilimia 5 ya mafuta ya utando ule mitambo inazimwa, ikishuka chini yake inawashwa. Na haizimiki taratibu kama taa ya chemli, inazima kama swichi.

Boya lenyewe ni protini inaitwa SCAP. Kazi yake ni kumsindikiza mwenzake anaitwa SREBP, ambaye amechomekwa kwenye utando amepinda kama kipini cha nywele. Ncha moja ya SREBP ndo amri, ikifika kwenye kiini cha seli inawasha jeni zote za kutengeneza kolestro na inawasha pia jeni ya kipokezi cha LDL, nitakieleza. Ila imefungwa kwenye utando, haiwezi kwenda. Kolestro ikipungua, SCAP anamchukua SREBP anampeleka mpaka Golgi, kituo kingine humo humo ndani ya seli, na Golgi kuna mikasi miwili. Wa kwanza unakata kitanzi, wa pili unakata ndani kabisa ya mafuta ya utando, sehemu ambayo hata maji hayafiki vizuri, na hapo ile ncha inachoropoka inakimbilia kwenye kiini. Kolestro ikitosha, yenyewe inakaa kwenye SCAP, SCAP anabadilika umbo, anakamatwa na protini ya tatu inaitwa Insig, na safari imekufa. Mwanafunzi mmoja wa fom fo akasema basi madam SCAP ni konda. Nikamwambia sawa, ila huyu konda akishiba gari haliondoki stendi, na sijawahi kumuona konda wa hivyo Buguruni.

Na Insig ana kazi ya pili. Hiyo njia ya hatua 30 ina hatua moja ambayo ndo koki ya yote, inaendeshwa na kimeng'enya kinaitwa HMG-CoA ridakitesi. Kolestro na mafuta ya jamii yake yakizidi, Insig anakishika kile kimeng'enya anakipeleka kikavunjwe vunjwe. Yani seli haizimi tu oda za kutengeneza vipya, inaharibu na vilivyopo. Kwa hiyo kuna breki mbili, moja ya polepole, moja ya haraka.

Waliofungua mlango wa haya yote ni Michael Brown na Joseph Goldstein, hao hao wa Dallas. Walianza na watoto wagonjwa. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao mtoto akichukua jeni mbovu kwa baba na kwa mama, LDL yake inakuwa mara sita na zaidi ya ya mtu wa kawaida na mshtuko wa moyo unampata akiwa bado mtoto. Walichukua seli za ngozi za wagonjwa, wakazilea kwenye vyombo vya maabara pamoja na seli za watu wasio na ugonjwa huo, wakaziwekea LDL, ambayo ni yale matone yanayobeba kolestro kwenye damu. Seli za kawaida zilipoona LDL zikaacha kutengeneza kolestro. Za wagonjwa zikaendelea kwa kasi ile ile kama vile hamna kitu kimekuja. Kumbe hazina mlango. Kipokezi cha LDL, kile cha juu ya seli cha kuidaka na kuiingiza ndani, hawana au kibovu. Kikiwa kizima kinadaka, kinazama na mzigo, kinautua, kinarudi juu, safari nzima kama dakika 10, tena na tena. Kazi ile ilianza kutoka 1973 na Nobel wakaipata 1985. SREBP waliipata 1993, SCAP 1996 kwenye seli za hamsta ambazo boya lake lilikuwa bovu limekwama wazi, Insig 2002. Hesabu mwenyewe, karibu miaka 30 watu wawili na wanafunzi wao wanafuata swali moja.

Wanaorithi jeni mbovu upande mmoja tu si wachache, makadirio ya siku hizi ni kama mtu 1 katika kila 300. Hao milango wanayo nusu. Wengi hawajui, na haiwahusu mayai wala uzembe, ndo maana naona vibaya mkiandika kama kila mwenye kolestro kubwa amejitakia kwa mdomo.

Hapa kuna jambo lingine ambalo likinijia siwezi kulipita. LDL ikishaingia ndani inapelekwa kwenye lisosomu, tumbo la seli, inasagwa, halafu kolestro inatolewa humo na protini inaitwa NPC1. Kuna watoto wanazaliwa NPC1 yao mbovu. Kolestro inajazana tumboni mwa seli inakosa pa kutokea, na boya kule kwenye kindoo linaona pakavu, linaamuru leteni tena, tengenezeni tena. Seli imejaa mpaka inapasuka na inalia njaa. Ugonjwa mbaya, unaharibu ubongo. Na NPC1 hiyo hiyo mwaka 2011 iligundulika ndo mlango anaoutumia kirusi cha Ebola kuingia ndani ya seli. Hilo nikiwaambia darasani kunakuwa kimya, maana Ebola wanaijua, Kongo si mbali.

Turudi kwenye mayai yenu yenye msalaba. Kiini cha yai kina kolestro kama miligramu 200, kweli. Lakini ukila, mabomba yote niliyoyasema yanajibu. Mwaka 1991 jarida la kitabibu la Marekani liliandika habari za mzee wa miaka 88 aliyekuwa anakula mayai 25 kwa siku, miaka na miaka, na kolestro yake ya kawaida. Walipompima wakakuta utumbo wake unafyonza kolestro kidogo sana na ini lake linageuza nyingi kuwa nyongo. Na hata kwetu, mwaka 1971 zilichapishwa tafiti za Wamasai wa Afrika Mashariki, maziwa na nyama, walipolishwa kolestro nyingi kwa makusudi miili yao ilipunguza kutengeneza yake kwa kiasi kikubwa. Nisidanganye, mtafiti mwingine aliyechunguza mioyo ya Wamasai waliokufa alikuta mishipa yao nayo ina utando mnene kama ya wazee wa Marekani, ila ilikuwa imepanuka kwa hiyo damu inapita. Na si kila mtu ni yule mzee wa mayai 25, kuna watu mabomba yao hayajibu vizuri, yai likiongezeka namba inapanda. Sisemi mkale trei. Nasema yai si mshtakiwa wa kwanza.

Mshtakiwa wa kwanza mmemuacha, na nadhani ni kwa sababu ya ile chupa. Mnajua ile chupa ya mafuta ya kula imeandikwa haina kolestro na katuni ya moyo? Mimea karibu haina kolestro kabisa, yote, alizeti, pamba, mawese, nazi. Kuandika haina kolestro kwenye mafuta ya mimea ni kama kuandika kwenye mchele hauna mifupa. Kinachopandisha LDL kwa watu wengi ni mafuta yale yanayoganda, yenye asidi zilizoshiba hidrojeni, mawese karibu nusu yake ni hayo na nazi inapita asilimia 80. Hayana kolestro hata chembe lakini ini likiyapata kwa wingi linapunguza milango ya LDL, milango ikipungua LDL inabaki inazunguka kwenye damu. Mi mtu wa pwani, wali wa nazi siachi, ila nikijua ninachokula ni bora kuliko kuogopa yai la kwenye zege, chipsi mayai, huku limekaangiwa mafuta ya kuganda yaliyochemka tangu asubuhi. Na maharage mnayoyadharau, zile nyuzi zake laini zinaikamata nyongo utumbonini zinatoka nayo, ini linalazimika kutengeneza nyongo nyingine, linatumia kolestro, kindoo kinapungua, boya linashuka, milango inafunguliwa. Ni njia ile ile, nimeieleza juu.

Na unga wa kuosha. Mhariri, kolestro ya mishipani haijaganda ndani ya bomba kama mafuta ya sinki. Imeingia ndani ya ukuta. LDL ikikaa sana kwenye damu inajipenyeza kwenye ukuta wa mshipa, inaharibika humo, halafu zinakuja seli za kinga kuisafisha. Zile seli zinaimeza kwa milango mingine kabisa, na milango hiyo haina boya. Haina! Haiangalii kama ndani kumejaa. Zinameza mpaka zinakuwa kama povu, zinakufa humo humo ukutani. Hiyo ndo ile uvimbe inayokuja kupasuka siku moja ukapata mshtuko wa moyo. Sasa unga unaopita tumboni utaoshaje kitu kilicho ndani ya ukuta? Mama mkubwa nimemueleza akaniangalia, akasema basi mwanangu 15,000 yangu nayo imeingia ukutani.

Nimalizie na kidonge cha baba maana ndo kilichoanzisha. Statini, jamii ya dawa ambayo hiyo atorvastatini imo, aliitafuta Mjapani, Akira Endo, alipima kuvu zaidi ya 6,000 akitafuta inayoziba ile koki niliyoitaja. Akaipata 1973, kwenye ukungu uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka Kyoto. Mchele wa duka, kama wa Tandika tu. Statini ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa Marekani ilikuwa 1987, inatoka kwenye kuvu ya jamii nyingine, Endo mwenyewe amefariki 2024. Watu wanadhani kidonge kinayeyusha mafuta. Wapi. Kinaziba koki kwenye ini, ini linapungukiwa, boya linashuka, SREBP anasafiri, anaenda kuamuru milango ya LDL iongezwe, na milango ndo inayovuta LDL kutoka kwenye damu. Dawa inafanya ujanja, inalifanya ini lione njaa. Ndo maana ukiacha, baada ya wiki chache namba inarudi pale pale, ugonjwa haujaenda popote, boya tu limerudi lilipokuwa. Na ndo maana pia daktari akiongeza dozi mara mbili haishuki mara mbili, inashuka kama asilimia 6 nyingine tu, kwa sababu amri ile ile inayoongeza milango inaongeza pia protini inaitwa PCSK9 ambayo kazi yake ni kubomoa milango. Seli haikubali kuhongwa kirahisi.

Hiyo PCSK9 iligundulika 2003, na kilichoifanya iwe maarufu ni damu ya watu weusi. Watafiti wa Dallas walikuta kati ya Wamarekani weusi kama asilimia 2.6 wamerithi PCSK9 iliyoharibika upande mmoja, LDL yao iko chini kwa asilimia 28, na walipofuatiliwa miaka 15 ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa chini kwa asilimia 88. Halafu 2007 ikatangazwa mama mmoja wa Zimbabwe, miongoni mwa kina mama wa kliniki waliopimwa, amerithi iliyoharibika pande zote mbili, LDL 0.4, milimoli kwa lita tafadhali, na mzima wa afya. Kutoka hapo zikatengenezwa sindano za kuizuia PCSK9, zikaruhusiwa huko Marekani na Ulaya 2015. Bei yake tusiongee. Ila natamani mngeandika hilo kwenye ukurasa wenu, dawa kubwa ya dunia imesomwa kwenye damu ya mama wa Zimbabwe na watu wenye asili ya huku, kuliko kuandika mayai.

Statini inaweza kuuma misuli kwa baadhi ya watu, ukiona hivyo unaenda kwa daktari anabadilisha, huachi kwa sababu ya gazeti. Na mwenye mti wa mabalungi kama baba mkubwa, juisi yake inaizuia njia inayotoa baadhi ya hizo dawa mwilini, atorvastatini ikiwemo, dawa inajazana kwenye damu. Mzee alikuwa anameza kidonge na balungi kila asubuhi mwaka mzima, hakuna aliyemuuliza na yeye hakusema. Nimeyachuma yote nimeyaleta stafu rumu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Toeni masahihisho, ukurasa ule ule, herufi kubwa kama zile za makala, andikeni 200 ni miligramu kwa desilita na pembeni yake 5.2 milimoli kwa lita. Nimeshampigia binti yake, Alhamisi tunampeleka kliniki tutake tusitake, lakini kwenye vidonge mzee kanigomea. Nimemchorea boya, nimemchorea kindoo, nimemzidishia kwa kalkuleta mbele yake, ananisikiliza vizuri kabisa, mwisho ananiambia mwanangu we ni mwalimu sikatai, ila hii imechapwa. Gazeti limesema, gazeti lifute. Ukurasa wa afya unatoka Jumanne. Nimevihesabu, vimebaki 19 kwenye boksi.

Mwalimu wa baiolojia,
Tabata, Dar es Salaam